Bia ya Kopo, Mpishi Nani?

Katika bajeti ya mwaka 1963, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Reginald Maudling, alifuta leseni iliyokuwa ikitakiwa tangu 1880 kwa mtu anayepika bia nyumbani kwake. Masharti yaliyobaki yalikuwa mepesi: pika, kunywa, gawa, ila usiuze. Maduka yakajaa seti za kupikia, na kufikia miaka ya 1970 hata Boots, duka ambalo watu hulijua kwa dawa za kikohozi, lilikuwa linauza makopo ya kimea na paketi za hamira. Wamarekani walingoja zaidi. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria yao mwaka 1978, na kaya yenye watu wazima wawili ikaruhusiwa kupika hadi galoni 200 kwa mwaka.

Leo seti hizo zimo pia katika nyumba za Waswahili wa Reading, Leeds na kwingineko Uingereza, na ndugu akija kutoka nyumbani akaiona ile ndoo kabatini, ubishi huanza. Huku ni kupika pombe, au ni kukoroga kitu ambacho kiwanda kimekwisha kukipika? Mjadala huu nimeupanga kwa sauti tatu. Wasemaji nimewabuni, hoja zao sikuzibuni. Mpwa anaishi Reading. Shangazi amekuja kumtembelea kutoka Marangu, na kule mbege yake, pombe ya ndizi na ulezi, huagizwa kwa harusi. Mfamasia ni jirani, mzaliwa wa Mombasa, Mwislamu, hajawahi kuonja tone, lakini kemia ya ndoo ile anaijua kuliko wote wawili. Mimi nitaingia nikiona pana la kusema.

MPWA: Nianze na kilichomo ndani ya boksi. Kuna kopo la rojo zito la kimea cha shayiri, kilo moja na nusu na ushee, limeshatiwa hopsi za kuleta uchungu. Chini ya mfuniko wa plastiki kuna kipaketi cha hamira, gramu tano hadi saba. Unaosha ndoo, unamimina rojo, unaongeza kilo moja ya sukari na maji ya moto, unakoroga, unajaza maji baridi hadi lita 23, unanyunyiza hamira, unafunika. Kazi haifiki saa moja. Baada ya wiki mbili unajaza chupa, baada ya mbili nyingine unakunywa. Lita 23 ni painti 40, na kila painti inakugharimu chini ya pauni moja. Kwenye baa za mji huu utatoa karibu pauni tano.

SHANGAZI: Mwanangu, umesema unamimina, unakoroga, unafunika. Sijasikia ulipopika.

MPWA: Ndivyo watu wanavyosema, Shangazi. Kupika bia.

SHANGAZI: Watu watasema. Mimi ndizi nazivundika mpaka zinaiva barabara, nazimenya, nazichemsha mpaka zinageuka rangi, naziacha zichache siku kadhaa ndipo nazichuja. Ulezi nao nimeshauloweka, nimeuotesha, nimeuanika, nimeusaga. Naupika uji, napoza, nachanganya na maji ya ndizi. Gome la msesewe naliweka kwa kipimo changu mwenyewe, likizidi hakuna atakayemaliza kata. Kila hatua hapo inaweza kuharibika, na ikiharibika watu wa harusi watajua ni mimi. Wewe bia yako ikiharibika utamlaumu nani? Kopo?

Shangazi hapa amegusa penyewe. Shayiri, kama ulezi, ina wanga, na hamira haili wanga. Lazima mbegu iote kidogo, vimeng'enya viamke ndani yake, kisha wanga ugeuzwe sukari kwa maji ya joto. Wapika bia wa nafaka huloweka kimea kilichopondwa kwa muda wa saa moja hivi katika maji ya nyuzi 65 hadi 68, wakilinda joto hilo kama mali, kwa kuwa likipanda bia inakuwa nzito na tamu, likishuka inakuwa nyepesi na kavu. Mwenye kopo hiyo saa hakuiona. Iliisha kiwandani, maji yakakaushwa, rojo likafungwa.

MFAMASIA: Na hopsi zilichemshwa huko huko. Kwa hivyo mama yuasema kweli. Tabia ya bia, wepesi wake, uchungu wake, rangi yake, vyote vimeamuliwa kabla kijana hajafika dukani.

MPWA: Vimeamuliwa nusu. Wapeni watu kumi kopo la aina moja, mtapata bia kumi tofauti, na tatu kati yake hazitanyweka. Kama kiwanda ndicho mpishi, mbona zinatofautiana?

MFAMASIA: Kwa uchafu.

MPWA: Kwa uchafu, kwa joto na kwa maji. Hivyo vitatu ni vya mwenye ndoo. Maji ya bomba yana klorini. Ikikutana na kimea inatoa ladha ya dawa ya kusafishia vidonda, na ladha hiyo haiondoki hata ukiiweka bia mwaka mzima. Nusu kidonge cha metabisulfiti ndani ya maji kabla ya kuanza, tatizo limekwisha. Lakini watengenezaji wengi hawakuandikii hilo kwenye karatasi ya maelekezo, maana wanataka kazi ionekane rahisi.

SHANGAZI: Mimi maji yangu ni ya mfereji wa mlimani.

MPWA: Ndiyo maana hujawahi kuonja nilichokionja mimi. Halafu joto. Hamira za bia nyingi za seti zinapenda nyuzi 18 hadi 22. Karatasi itakuambia hata 27 ni sawa. Itachacha, ndiyo, tena kwa kasi, lakini itazalisha vileo vizito vinavyounguza koo na kukupa kichwa kesho yake. Wakati wa baridi nyumba hizi usiku hushuka hadi nyuzi 14, hamira inalala, mtu anadhani imemaliza kazi, anajaza chupa. Siku za joto zikirudi inaamka ndani ya chupa. Gesi haina pa kutokea. Kioo kinapasuka.

MFAMASIA: Kinapasuka vipande vyenye kasi. Watu wameumizwa macho. Hilo, bwana mdogo, ndilo ningekuwa mimi ningeliandika kwa wino mwekundu juu ya boksi.

SHANGAZI: Karatasi yenu inasema siku ngapi?

MPWA: Nyingine tano, nyingine saba.

SHANGAZI: Na pombe imeisoma hiyo karatasi?

Kama kuna sentensi moja ningeomba ibandikwe kwenye kila ndoo, ni hiyo ya Shangazi. Seti inauza muda. Inamwambia mnunuzi kwamba Jumamosi hii atachanganya na Jumamosi ijayo atajaza chupa, kwa sababu mnunuzi angesikia wiki tatu angeliacha boksi rafuni. Kitu kinachopaswa kumwambia mtu kwamba bia imemaliza kuchacha ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, kinachouzwa kwa pauni chache na ambacho seti nyingi za bei ya chini hazinacho. Bia ikianza inasoma, tuseme, 1.040. Sukari inavyoliwa, kijiti kinazama, hadi 1.010 au chini yake. Ikisoma namba ileile siku mbili au tatu mfululizo, imekwisha. Ukichukua tofauti ya namba hizo mbili ukazidisha kwa 131, unapata kileo, hapa takriban asilimia nne. Mapovu ya kwenye kizibo cha kupumulia, kile kinachotoa gesi juu ya ndoo, hayasemi ukweli. Joto likipanda chumbani gesi iliyoyeyuka inatoka na kizibo kinalia, hata kama hamira ilishalala tangu juzi.

SHANGAZI: Mimi sina hicho kijiti. Naonja.

MPWA: Unaonja kwa sababu umepika tangu ujana. Aliyeanza mwezi uliopita hana ulimi wako. Kijiti kinamkopesha ulimi.

SHANGAZI: Haya. Hilo nakupa.

MFAMASIA: Nami mnipe langu. Usafi mnaousifia nyinyi ni elimu ya maabara, si ya jikoni. Pasteur aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya bia, kikatoka 1876. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, Emil Christian Hansen akaitenga hamira safi ya mbegu moja. Kile kipaketi unachokichana kwa meno, bwana mdogo...

MPWA: Kwa mkasi, uliopitishwa dawa.

MFAMASIA: ...kwa mkasi, ni matunda ya kazi ile. Basi ukiniuliza mpishi nani, nitakwambia ni hamira. Mwanadamu hapo ni mtumishi tu, aosha ndoo na kulinda joto.

SHANGAZI: Mbege yangu haina paketi na haijawahi kukataa kuchacha.

MFAMASIA: Ina hamira, mama. Imo hewani, imo kwenye vyombo vyako, na bakteria wamo pia, ndio wanaoitia ule ukali. Ndiyo maana mbege ya leo si ya keshokutwa.

SHANGAZI: Na sitaki iwe ya keshokutwa! Mbege inapikwa kwa siku yake. Watu wanakuja, inakwisha, vyombo vinaoshwa. Hii ya mpwa wangu nimeiona kabatini, chupa zimepangwa kama dawa, ana za Februari na za Aprili. Nikamuuliza, hizi ni za sherehe gani? Hakuna sherehe. Anakunywa peke yake akitazama mpira.

Kimya kidogo hapo. Hoja ya ladha na hoja ya ufundi Mpwa alikuwa amejiandaa nazo. Hii hakuitegemea.

MFAMASIA: Niiongezee hesabu. Mwongozo wa waganga wakuu wa Uingereza tangu 2016 ni kwamba mtu, mume au mke, asizidishe vipimo 14 vya kileo kwa wiki. Painti moja ya asilimia nne ni vipimo viwili na kitu. Zidisha mara 40, vyafika 90. Ndoo moja, kwa mtu mmoja anayefuata mwongozo, ni ya zaidi ya wiki sita. Nawe una ndoo mbili. Baa ina saa ya kufunga na ina mtu wa kukwambia basi. Kabati halina.

MPWA: Baa ina pia pombe ya asilimia tano unayouziwa ghali na usafiri wa kurudi usiku. Mimi nikiwa nyumbani sigusi gari. Na najua nimeweka nini ndani.

MFAMASIA: Wajua ulichoweka. Wajua ulichokunywa?

MPWA: Kuna wiki najua na wiki nyingine sijui.

MFAMASIA: Nashukuru kwa ukweli. Mimi dini yangu imenikataza, sihitaji hesabu. Anayekunywa ndiye anayezihitaji.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapa atakuwa ameshakumbuka jambo jingine. Kwetu, neno lolote kuhusu pombe ya nyumbani huamsha picha ya watu waliopofuka na maiti zilizobebwa. Mfamasia alilileta mwenyewe.

MFAMASIA: Novemba 2000, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Nilipoiona ndoo ya kijana mara ya kwanza, hilo ndilo lililonijia.

MPWA: Na nilikujibu vipi?

MFAMASIA: Ulinijibu sawa, nami nitalisema wazi kwa kuwa ni kazi yangu. Kuchachusha hakuui namna ile. Matunda hutoa methanoli chembe tu, kidogo mno kumdhuru mtu. Maafa makubwa hutoka kwa wauzaji wanaotia methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali kwa bei ya chini. Kenya ilihalalisha chang'aa kwa sheria ya 2010 ikitaka itengenezwe kwa leseni na kwa viwango, kwa sababu marufuku ilikuwa haijaizima. Bia ya ndoo, saida ya matufaha, mvinyo, hivyo haviko kundi hilo. Kukeneka ndiko tusikokugusa. Hapa Uingereza ukikeneka bila leseni, hata lita moja ya kunywa mwenyewe, umevunja sheria.

SHANGAZI: Hata kwetu gongo ina polisi wake. Mbege haina.

MPWA: Basi tukubaliane kwamba seti haiui. Tubishane kama inafaa.

SHANGAZI: Ya bia nimeshaionja. Ni pombe. Si tamu, si mbaya. Ya zabibu?

Kuhusu seti za mvinyo Mpwa alipunguza sauti, na mimi namuunga mkono kuipunguza. Seti kubwa inatoa chupa 30 kutokana na juisi ya zabibu iliyokaushwa maji. Unapewa mfululizo wa vipaketi: udongo wa bentoniti wa kukamata uchafu, metabisulfiti, potasiamu sorbati ya kuzuia hamira isizaliane tena, kisha dawa mbili za kuufanya mvinyo uwe mwangavu, moja yake mara nyingi hutokana na maganda ya kamba wa baharini, jambo ambalo mgeni mwenye mzio wa samakigamba anastahili kuambiwa. Boksi linasema wiki nne. Ladha inasema miezi sita. Seti za bei ya chini hutoa mvinyo mwembamba usio na ukakasi wowote, kwa kuwa ukakasi wa mvinyo mwekundu unatoka kwenye ganda la zabibu na ganda halikupita hapo. Zipo seti za bei ya juu zinazokuja na maganda yenyewe ya kulowekea, na hizo ni habari nyingine. Lakini kwa aliyewahi kunywa mvinyo wa Dodoma uliotoka kwenye zabibu halisi za Makutupora, seti ya bei ya chini itakuwa masikitiko.

MPWA: Saida lakini, Shangazi, saida ndiyo itakayokubadili.

SHANGAZI: Hiyo ya matufaha?

MPWA: Kuna seti yake ya kopo, na sikushauri uinunue. Nunua juisi ya tufaha ya dukani. Soma karatasi: ikiwa hakuna kihifadhi, vitamini C si neno, itachacha. Juisi lita nne na nusu, kijiko cha hamira, mtungi wa kioo, kizibo cha kupumulia. Wiki mbili tatu una kinywaji cha asilimia tano au sita bila kuongeza sukari hata punje. Na Septemba, kwenye mitaa hii, watu wenye miti ya matufaha bustanini huweka maboksi getini, chukua bure, yanawaozea.

SHANGAZI: Bure?

MPWA: Bure. Unachagua mazima, yenye ukungu unatupa. Unaosha, unaponda, unakamua. Kilo kumi zinatoa lita tano au sita za juisi ukiwa na kikamulio kizuri. Na hamira ukitaka hununui, imo kwenye ganda.

SHANGAZI: Sasa unaongea. Unaponda, unakamua, unangoja, hujui itatokaje. Huku ni kupika.

MFAMASIA: Ila matufaha ya kula hutoa saida nyembamba. Watu wa Somerset na Herefordshire wana matufaha yao ya saida, machungu, Kingston Black, Dabinett na mengineyo. Ukiyauma mabichi utayatema.

SHANGAZI: Kama msesewe.

MFAMASIA: Kama msesewe, mama.

Hapo ndipo mjadala ulipogeuka, na sidhani Mpwa alitambua. Alikuwa ameanza kwa kuitetea seti, akaishia kumpeleka Shangazi nje ya seti. Shangazi naye alikuwa ameanza kwa kuikataa ndoo, akaishia kuuliza duka la Wahindi lilipo, kwa sababu Mfamasia alimwambia ulezi mzima unauzwa huko kwa jina la ragi, na ulezi mzima unaota. Alitaka kujua kama ndizi za dukani zingefaa. Mpwa akamwahidi ndoo ya pili.

MPWA: Swali langu la mwisho ni hili. Nikirudi Dar es Salaam nikaenda na makopo mawili, itawezekana? Kule ndani ya nyumba ni nyuzi 30.

MFAMASIA: Kwa hamira ya kwenye paketi hiyo, utapata ulichokieleza mwenyewe, kichwa na koo. Lakini wakulima wa magharibi mwa Norway wana hamira zao za jadi, kveik, zinazofanya kazi vizuri kwa nyuzi 35 hata 40, na siku hizi zinauzwa kavu kwenye paketi. Huko baridi kote, na hamira yao inapenda joto la Mombasa. Mwenyezi Mungu ana mambo yake.

SHANGAZI: Au uache makopo, upande Marangu, nikufundishe bure.

Sasa uamuzi, kwa kuwa mjadala bila mwamuzi ni kelele. Kwa swali la mpishi nani, nampa Shangazi ushindi kwa kopo na nampa Mpwa ushindi kwa mtungi wa saida. Mwenye kufungua kopo na kufuata karatasi ni mlezi wa hamira, kazi ya heshima, lakini upishi ulifanyika pengine. Anaanza kuwa mpishi siku anapobadili kitu kwa kujua: anapoacha kilo ya sukari nyeupe akatia kilo ya unga wa kimea ili bia isiwe nyembamba, anapoipoza hadi nyuzi 19 akangoja, anapoloweka nafaka mwenyewe. Kwa hoja ya kabati na painti 40, nampa Mfamasia, na sioni Mpwa angejibu nini zaidi ya alivyojibu. Njia iliyopo ni kupika kidogo, lita nne na nusu badala ya 23, au kupika nyingi siku ambayo watu wanakuja.

Kwa hiyo wewe unayelitazama boksi dukani: nunua haidromita na dawa ya kuoshea vyombo kwanza, kisha mtungi mmoja na juisi ya tufaha. Kopo liache hadi mkono umezoea, na seti ya mvinyo ya bei ya chini iache kabisa. Usijaze chupa ya kioo kabla namba haijatulia kwa siku tatu. Na rafiki akikuomba umuuzie, mpe bure au mnyime. Ruhusa ya 1963 ilihusu kinywaji cha nyumbani. Ukipokea hata pauni moja umeshakuwa mfanyabiashara wa pombe asiyesajiliwa, na mtu wa ushuru hatauliza kama ulipika au ulikoroga.